Kwa nini aina za maneno ni nane?

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza Nyasubi, mjini Kahama, huzikariri aina za maneno mara mbili: kwenye kipindi cha Kiswahili, kisha kwenye cha Kiingereza. Nomino, kiwakilishi, kitenzi, kivumishi, kielezi, kiunganishi, kihusishi, kihisishi. Orodha hiyo hatukuitunga sisi, wala Waingereza. Mzizi wake uko Aleksandria, Misri, na ilikusudiwa Kigiriki, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Inahusishwa na Dionysius Thrax, mwanazuoni wa karne ya 2 kabla ya Kristo. Kijitabu chenye jina lake kinataja mafungu manane, ila si haya yetu. Kivumishi kimo ndani ya nomino. Kihisishi hakina fungu lake. Lakini vijineno vinavyotangulia nomino, mfano wa “a” na “the” vinavyowasumbua watoto wetu, vina fungu zima.

Warumi walipoiga wakakwama, maana Kilatini hakina vijineno hivyo, kama Kiswahili kisivyokuwa navyo. Wakavitoa, wakakipa kihisishi nafasi, hesabu ikarudi nane. Hapo mtu huanza kushuku kwamba nane yenyewe ndiyo iliyopendwa. Donatus, mwalimu wa Roma wa karne ya 4, aliyaweka mafungu hayo katika maswali na majibu, na shule za Ulaya zikayakariri kwa karne nyingi.

Mwaka 1586 William Bullokar alichapisha sarufi ya kwanza ya Kiingereza, akifuata ya Kilatini. Kivumishi kilisubiri hadi karne ya 18 kujitenga na nomino. Joseph Priestley alikipa fungu lake mwaka 1761. Ilistahili: kivumishi cha Kilatini hubadilika kufuata nomino, cha Kiingereza hakitikisiki. Lindley Murray, mwaka 1795, alihesabu tisa, “a” na “the” zikiwemo.

Sasa tazama Kiswahili. Mtu mrefu, kiti kirefu, jiti refu: kivumishi chetu huvaa sare ya nomino, kwa hiyo kingemfaa Mrumi kuliko Mwingereza. Lakini Edward Steere, mmisionari wa Unguja, alikitengea sura yake katika kitabu chake cha mwaka 1870, jinsi alivyozoea kwao. Simlaumu, bila yeye na Krapf, aliyemtangulia mwaka 1850, tungeanza mbali zaidi. Hata hivyo njia nyingine ilikuwepo pwani hiyohiyo. Waliosoma nahau ya Kiarabu walijua mafungu matatu tu, jina, tendo na herufi, na Kiarabu hakikupungukiwa kitu.

Kihusishi ndicho kinachobana zaidi. Mfanyabiashara wa Kahama akisema “nimemnunulia mama mchele”, Kiingereza kitatafuta kihusishi cha kumfikia huyo mama. Kiswahili kimeshaimaliza kazi ndani ya kitenzi, kwa silabi moja, “li”. Akisema “nyumbani”, “ni” ya mwisho imetosha. Ethel Ashton aliliona hilo, na sarufi yake ya mwaka 1944 ikatembea na ngeli na viambishi badala ya kuyapanga mafungu yale ya zamani moja baada ya jingine. Mitihani yetu bado huuliza neno lililopigiwa mstari ni la aina gani.