Daftari la Wakala: Mzigo wa Kulinda Taarifa za Abiria Igunga

Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika tarehe 1 Mei 2023, na hasa baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuizindua Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Aprili 2024, hoja inayosikika zaidi ni kwamba tatizo letu la faragha ni uelewa. Mwananchi akielimishwa asitoe namba yake ya siri wala kujibu ujumbe asioujua, basi atakuwa salama. Kwamba faragha ni haki hakuna anayebisha. Ibara ya 16 ya Katiba ya 1977 ilishalimaliza hilo. Ninachopinga ni kumtwika abiria mzigo wa kujilinda. Anayekata tiketi kwa wakala hapa Igunga hachagui kipi akitaje na kipi akibakize: asipotaja jina na namba ya simu, hapati siti. Elimu, hata iwe nzuri namna gani, haiwezi kumlinda mtu dhidi ya taarifa ambazo amelazimika kuzitoa.

Tuitazame tiketi yenyewe. Igunga iko kwenye barabara kuu kati ya Singida na Nzega, na mabasi mengi ya Mwanza na Kahama hufika yakiwa na abiria waliopandia Dodoma au Dar es Salaam. Wakala wa mji wa njiani mara nyingi hulazimika kupiga simu kuulizia nafasi, akiwa ameandika jina la abiria kwenye daftari au kwenye simu yake mwenyewe. Tiketi hubeba jina, namba ya simu, anakotoka abiria, anakokwenda, tarehe, saa ya kuondoka na namba ya siti. Kila kimoja peke yake ni kitu kidogo. Vikikaa pamoja vinaeleza kwamba mtu fulani hatakuwa nyumbani kwake usiku fulani, na kwamba kwa saa kadhaa atakuwa safarini, pengine simu haipatikani. Namba ya simu nayo siyo tarakimu tupu. Ukitaka kumtumia mtu pesa kwa simu, jina lake hutokea kabla hujathibitisha muamala. Na kwa kuwa laini zimesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, jina hilo ndilo la kweli. Usajili uliokusudiwa kuwabana matapeli umeifanya namba ya abiria kuwa ufunguo wenye thamani kubwa zaidi ikidondokea mikono isiyostahili. Ule ujumbe wa matapeli wa “ile hela tuma kwenye namba hii” hurushwa gizani kwa watu wengi; mwenye orodha ya abiria harushi gizani. Anajua ampigie nani, saa ngapi, na amwambie ndugu yake amepatwa na nini na wapi.

Sheria imeliona hili vizuri kuliko wanaoitangaza. Inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi lililo wazi, zisizidi mahitaji ya kusudi hilo, na zisitunzwe kupita muda unaohitajika. Inatofautisha pia mkusanyaji na mchakataji. Kwa maoni yangu, kampuni ya basi ndiyo mkusanyaji, na wakala wa stendi ni mchakataji anayefanya kazi kwa niaba yake. Kwa hiyo daftari la wakala ni la kampuni hata kama kalamu ni ya wakala. Uwajibikaji wa namna hii si jambo jipya: katika karne ya 19, Sewa Haji wa Bagamoyo aliyewatafutia wasafiri wapagazi wa kwenda bara alifahamika kwa jina, na aliyekodi alijua nani wa kumdai. Abiria wa leo anastahili walau kiasi hicho.

Wapo watakaosema orodha ya abiria huokoa, kwamba basi likipata ajali ndiyo inayowatambulisha marehemu kwa jamaa zao. Ni kweli, na hoja hii ina uzito kuliko zote. Lakini inahalalisha orodha iliyomo ndani ya basi na ofisini hadi safari iishe. Haihalalishi daftari la mwaka jana lililoachwa wazi mezani. Wengine hutegemea tiketi mtandao inayosimamiwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Mfumo huo unasaidia, ila hauondoi picha ya kitambulisho iliyotumwa kwa WhatsApp na kubaki kwenye simu ya wakala, wala karatasi iliyoandikwa mtandao uliposumbua. Kuhusu gharama kwa mawakala wadogo, jibu ni hili: alipe mwenye basi, kwa kuwa ndiye anayenufaika na nauli.

Kwa hiyo LATRA na Tume ziweke sharti moja kwenye leseni ya kila basi la mikoani: kampuni iwajibike kwa taarifa zilizo mikononi mwa mawakala wake, na namba ya abiria ifutwe siku chache baada ya safari, isipokuwa kama kuna ajali au shauri linaloendelea. Sharti hilo halihitaji sheria mpya.