Brighton, mji uliouza faragha kwa wapendanao

Katika miaka ya 1920, hoteli za Brighton, kusini mwa Uingereza, zilikuwa na wageni wa aina yake. Bwana mmoja mwenye heshima zake angefika Jumamosi jioni akiwa na mwanamke ambaye pengine walijuana siku ile ile. Wangejiandikisha kwenye daftari la wageni kama mume na mke, wakala chakula cha jioni, wakapanda chumbani na kucheza karata hadi usiku wa manane. Asubuhi, mhudumu alipobisha hodi na sinia la chai, waliwahi kitandani na kujifunika shuka. Ilikuwa lazima awaone, tena awaone vizuri, kwa sababu angehitajika mahakamani. Baada ya siku chache risiti ya hoteli ilikuwa mezani kwa wakili wa mke wa yule bwana, na kesi ya talaka ikaanza.

Mwanamke yule alilipwa kwa kazi yake, na mara nyingi hakuguswa.

Siku hizi wapendanao wakitaka kutoroka kidogo, hupanga siku mbili mjini: kuondoka Ijumaa jioni, chumba chenye roshani, chakula cha taratibu, kurudi Jumapili usiku. Tunaiona safari hiyo kama zao la mapenzi, tena la kale kama mapenzi yenyewe. Ukifuatilia historia ya Brighton utaona kwamba waliotangulia kuiunda ni wenye reli, wenye viwanda na watunga sheria, na wapendanao wakaja kuishi katika nyumba iliyokwisha kuezekwa. Bahari peke yake isingetosha kuwavuta. Bahari ya Brighton ni ya baridi na ufuo wake ni wa kokoto. Mtu aliyezoea mchanga wa Diani au Nungwi angevua viatu, akapiga hatua tatu, akavivaa tena. Mji ule uliuza kitu kingine: nafasi ya kuwa mahali ambapo hakuna anayekujua, umbali wa kilomita 80 hivi kutoka London, na bado ukawahi kazini Jumatatu.

Mambo yalianza kwa daktari. Mwaka 1750 Richard Russell alichapisha kitabu kwa Kilatini akidai kwamba maji ya bahari hutibu magonjwa ya tezi, kwa kuyaoga na hata kuyanywa. Brighton wakati huo ilikuwa kijiji cha wavuvi kilichochoka. Matajiri wakaanza kumiminika, wakachovywa majini na wanawake wenye misuli waliofanya kazi hiyo kwa malipo. Mwaka 1783 akaja mgonjwa, au aliyejifanya mgonjwa, aliyeubadilisha mji moja kwa moja: George, mrithi wa kiti cha Uingereza, kijana wa miaka 21.

George alikuwa na madeni, mapenzi ya vyakula, na siri. Tarehe 15 Desemba 1785, katika sebule ya nyumba moja London, alifunga ndoa na Maria Fitzherbert, mwanamke aliyemzidi umri kwa miaka sita na aliyekwisha kufiwa na waume wawili. Tatizo halikuwa ujane. Maria alikuwa Mkatoliki, na sheria ya mwaka 1701 ilimnyima kiti mrithi yeyote anayeoa Mkatoliki. Juu ya hilo, sheria ya mwaka 1772 ilimtaka apate kwanza idhini ya mfalme, baba yake. Ndoa ikawa halali kanisani na batili serikalini. Huko London wangeishije? Brighton palikuwa na jibu. Mwana wa mfalme alipanga nyumba ya shamba, akaifanya kasri, na Maria akakaa jirani, hatua chache tu, kila mtu na mlango wake.

Mji mzima ulijua na mji mzima ukanyamaza, maana fedha za mwana wa mfalme zilikuwa zinaingia madukani. Hapo ndipo Brighton ilipojifunza biashara yake. Kasri lenyewe lilijengwa upya kati ya 1815 na 1823 na msanifu John Nash, likavikwa kuba na minara ya kuigiza India, na ndani mapambo ya kuigiza China. Mpaka leo halifanani na kitu chochote kilicho karibu nalo. Wanaowatembeza wageni hupenda kusimulia kwamba kuna njia ya chini ya ardhi iliyomfikisha George kwa Maria. Njia ipo, ila inaelekea kwenye mazizi ya farasi. Wakati inachimbwa wale wawili walikuwa wameachana zamani, na George alikwisha kuoa binti wa kifalme, Caroline, mwaka 1795, ndoa iliyokuwa halali serikalini na balaa nyumbani. Maria alifia Brighton mwaka 1837. Kwenye sanamu ya kumbukumbu yake kanisani, kidole chake kina pete tatu za ndoa. Pete za waume wawili waliofariki hazikutosha. Na ya tatu imo, serikali itake isitake.

Malkia Victoria hakuupenda mji ule. Alikuwa na mume na watoto wengi, na watu walimsonga kila alipotoka kutembea. Alikuja mara ya mwisho mwaka 1845, akahamishia mapumziko yake kisiwani Wight, na mwaka 1850 kasri likauzwa kwa halmashauri ya mji. Mtu anayeweza kufika Brighton bila kujulikana hakuwa tena wa ukoo wa kifalme. Alikuwa karani.

Karani aliletwa na reli. Njia ya London hadi Brighton ilifunguliwa Septemba 1841. Gari la farasi lilitumia saa tano au sita, na abiria alishuka akiwa na vumbi mpaka kwenye meno; treni ikafanya kazi hiyo kwa saa mbili hivi. Nadhani hesabu hii inaeleza mengi kuliko mashairi yote ya wakati ule. Safari ya saa sita kwenda na sita kurudi haiwezi kuwa ya siku mbili, ni ya wiki. Ya saa mbili inawezekana. Mkazi wa Nairobi anayekumbuka treni ya zamani ya usiku kwenda Mombasa, kisha akaona reli mpya ya Mei 2017 ikiupunguza mwendo hadi saa tano hivi, hahitaji kuelezwa ni nini kilitokea kwa Jumamosi za watu.

Brighton ilikuwa na wakazi zaidi ya 7,000 mwaka 1801. Mwaka 1851 walikuwa 65,000 hivi. Mwaka 1864 ikafunguliwa Grand Hotel, ikiwa na lifti, ajabu ya zama zile. Mwaka 1866 likaja gati la magharibi, lisilopokea mizigo ila watu wanaotembea taratibu wakitazama maji. Mwaka 1890 ikafuata Hotel Metropole, jumba la matofali mekundu. Hoteli kubwa ilikuwa na faida moja ambayo nyumba ya wageni haikuwa nayo. Mama mwenye nyumba alikagua pete kidoleni na kuuliza mmeoana lini; mpokeaji wageni wa hoteli yenye mamia ya vyumba hakuwa na muda huo.

Palihitajika pia siku yenyewe. Sheria ya viwanda ya mwaka 1850 iliwataka wenye viwanda vya nguo kuwaachia wanawake na vijana saa nane mchana Jumamosi, na desturi hiyo ikasambaa polepole kwa kazi nyingine. Mwaka 1871 Bunge likaongeza sikukuu za benki, zikiwamo Jumatatu kadhaa. Likizo ya kulipwa ilichelewa sana; sheria yake ni ya mwaka 1938. Kwa hiyo kwa miongo mingi mfanyakazi wa kawaida alikuwa na Jumamosi mchana na Jumapili tu, na kama alitaka kuwa peke yake na mpenzi wake, ilibidi mambo yote yaingie humo.

Waliooana nao walijifunza kusafiri. Kwa desturi za pwani yetu, maharusi hukaa ndani siku saba, wakipikiwa na kuhudumiwa, na kutoka nje ni aibu. Kwa Waingereza wenye uwezo mambo yalikuwa kinyume: maharusi walizunguka kuwatembelea ndugu walioshindwa kuhudhuria harusi, pengine hata dada wa bibi harusi akifuatana nao. Ni reli na hoteli zilizowaondolea dada.

Tunarudi kwa yule bwana na karata zake. Mpaka mwaka 1857 Mwingereza aliyetaka talaka inayomruhusu kuoa tena alihitaji sheria ya Bunge kwa ajili yake peke yake, jambo la matajiri wachache. Mwaka huo mahakama ikapewa kazi hiyo, lakini kwa mizani isiyo sawa: mume alitakiwa kuthibitisha uzinzi wa mkewe, basi; mke alitakiwa kuthibitisha uzinzi pamoja na kosa jingine, kama ukatili au kutelekezwa. Mwaka 1923 mizani ikasawazishwa. Uzinzi wa mume peke yake ukatosha, na ukawa ndio mlango pekee uliofunguka kirahisi. Wanandoa waliokubaliana kwa amani kuachana hawakuwa na haki hiyo. Makubaliano yenyewe yalikuwa sababu ya kufutiwa kesi. Adabu ya tabaka la juu ilimtaka mume ajitwike lawama hata kama mwenye hatia alikuwa mke. Ndipo Brighton ikapata msimu wake wa pili.

Mpango ulikuwa na ratiba yake. Wakili hakusema lolote waziwazi, ila alijua nani wa kumpigia simu. Mwanamke alipatikana, treni ikapandwa, chumba kikachukuliwa. Hapa kuna kinyume cha kuchekesha: wapendanao wengine walilipa ili wasionekane, na huyu alilipa ili aonekane na mtu mmoja, mara moja, akiwa na sinia la chai mkononi. Majaji walijua. Palikuwa na afisa wa serikali mwenye mamlaka ya kuingilia kesi iliyonuka njama katika miezi sita kabla talaka haijakamilika. Lakini ushahidi ulipokuwa safi na mhudumu hasitisiti, jaji angefanya nini?

Mwaka 1934 mwandishi A. P. Herbert alitoa riwaya, Holy Deadlock, kuhusu watu waungwana wawili waliosukumwa kwenye uongo huo na sheria. Mwaka 1935 akachaguliwa kuwa mbunge wa Chuo Kikuu cha Oxford, akaapa kubadili mambo. Mchezo wenyewe ukamsaidia kwa kupanda hadi ikulu: mwaka 1936 Ernest Simpson alikutwa na mwanamke mwingine katika hoteli ya Bray, kando ya mto Thames, na mkewe Wallis akapata hukumu ya awali ya talaka tarehe 27 Oktoba. Aliyemngoja Wallis alikuwa Mfalme Edward VIII, aliyeachia kiti Desemba mwaka huo huo. Mwaka uliofuata mswada wa Herbert ukapita. Kuanzia 1938 ukatili, kutelekezwa kwa miaka mitatu na wazimu usiotibika vikawa sababu za kutosha, na wahudumu wa hoteli wakapungukiwa na nauli za kwenda mahakamani.

Wapenzi wa kweli, wale wasiocheza karata, hawakupungua. Mwaka 1933 ilianza treni ya umeme iliyokuja kuitwa Brighton Belle, yenye mabehewa ya kahawia na rangi ya maziwa, taa ndogo mezani, na baadhi ya mabehewa yakiwa na majina ya kike: Doris, Vera, Gwen, Mona. Ilifika kwa dakika 60 kamili. Mwigizaji Laurence Olivier, mkazi wa Brighton, alipigania samaki wa moshi wasiondolewe kwenye kifungua kinywa cha treni ile, na kwa hilo anakumbukwa mjini karibu sawa na kwa Hamlet. Treni ilisitishwa tarehe 30 Aprili 1972.

Siri nayo ilikuwa imeshuka bei. Mwaka 1967 sheria ilifungua njia ya huduma za uzazi wa mpango kwa wasiooana. Kufikia miaka ya 1970 wapokeaji wageni walikuwa wameacha kutazama vidole. Novemba 1994 treni za Eurostar zikaanza kupita chini ya bahari na kuwafikisha abiria wa London hadi Paris kwa saa tatu, na mwaka uliofuata ndege za bei nafuu zikaanza kuruka kutoka Luton. Muda unaokaribia ule uliompeleka karani wa kale Brighton sasa ulimpeleka mjukuu wake Ufaransa.

Huko Paris wapendanao walikuja na desturi iliyo kinyume kabisa na ya Brighton. Kuanzia mwaka 2008 hivi walifunga kufuli kwenye daraja la Pont des Arts, majina yao yakiwa yamechorwa juu yake, na ufunguo wakautupa mtoni. Juni 2014 kipande cha uzio kilianguka kwa uzito. Mwaka uliofuata mji ukaondoa kufuli za tani 45 hivi. Babu zao walitumia jina la uongo kwenye daftari. Wao walilazimisha daraja lisome la kweli.

Kasri la George sasa linakodishwa kwa ndoa za kiserikali, vyeti vyote vikiwa mahali pake. Na treni ya haraka kutoka London bado hutumia takriban saa moja, muda ule ule wa mwaka 1933, bila taa za mezani na bila samaki wa moshi.