Mtu wa Mkono Aliingia Kwenye Mkoba

Ukiingia kwa mjengo wowote Nairobi utapata watu wa aina mbili: fundi, na mtu wa mkono. Fundi anapima, anakata, anaunganisha. Mtu wa mkono anabeba, anashika, anapitisha vifaa na kutumwa duka. Kwa wajenzi wa mawe mpango ni huo hadi leo. Kwa mafundi wa stima mambo yamebadilika. Mwite mmoja aje akuwekee soketi mbili na taa ya bafu, na kuna uwezekano mkubwa atashuka kwa bodaboda peke yake, mkoba begani. Saa mbili baadaye amemaliza, umemtumia pesa kwa simu, na anaelekea kwa mteja mwingine.

Nimekuwa nikijiuliza yule mtu wa pili alienda wapi. Jibu nililopata ni kwamba aliingia kwenye mkoba. Aliingia kidogo kidogo, kwa zaidi ya miaka mia moja: kwanza vidole vyake, kisha mgongo, kisha macho. Karibu kila kifaa kinachomwezesha fundi wa stima kufanya kazi peke yake leo kilianza kama kazi ya binadamu mwingine.

Tuanze na koleo. Kampuni ya Klein Tools ya Marekani husimulia kwamba mwaka 1857 fundi wa nyaya za telegrafu aliingia kwa karakana ya mhunzi Mathias Klein, mhamiaji kutoka Ujerumani aliyekuwa Chicago, akiwa na koleo lililovunjika upande mmoja. Klein akamfulia upande mpya. Baada ya muda upande wa zamani nao ukavunjika, jamaa akarudi, Klein akafua wa pili. Sasa koleo zima likawa la Klein. Mimi katika hadithi hiyo namwangalia mteja. Mtu aliye juu ya mlingoti hana nafasi ya kubadilisha vifaa, na aliye chini yuko mbali. Koleo linaloshika, kukata na kusokota waya lilimpunguzia safari za kupandishiwa na kushushiwa vitu kwa kamba.

Halafu kuna mwaka 1908, ambao unanifurahisha kwa sababu mambo mawili yalitokea bila kujuana. Hapa kwetu, mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, alinunua jenereta iliyokuwa ya Sultani wa Zanzibar, na huo ndio ukawa mwanzo wa kampuni ya stima ya Mombasa. Nairobi nayo ikapata kampuni yake. Mwaka 1922 hizo mbili ziliungana kuwa East African Power and Lighting, mama wa hii kampuni tunayoitukana kila stima ikipotea.

Mwaka huo huo wa 1908, katika mji wa Milton, Ontario, huko Kanada, Peter Lymburner Robertson alianza kiwanda cha skrubu zenye shimo la mraba kichwani. Robertson alikuwa muuzaji wa vifaa, na inasemekana wazo lilimjia baada ya bisibisi bapa kuteleza na kumkata mkono akiwa mbele ya wateja. Shimo lake linapungua upana kidogo kuelekea ndani, kwa hivyo skrubu inang'ang'ania ncha ya bisibisi. Unaiweka, unaigeuza iangalie chini, haianguki. Maana yake ni kwamba mkono wako wa pili uko huru kushika taa, na hakuna mtu anayehitajika kukushikia chochote.

Huku kwetu skrubu ya Robertson haikushika. Inasimuliwa kwamba Henry Ford alitaka haki ya kuidhibiti, Robertson akakataa, na nafasi ikaenda kwa wengine. Iliyotufikia kwa wingi ni ile ya Henry Phillips, iliyoanza kwenye magari ya Cadillac mwaka 1936, ambayo kwa hardware tunaiita star. Star haishiki skrubu vizuri hivyo, lakini fundi wa mtaa ana dawa: anasugua ncha ya bisibisi kwenye sumaku ya spika mbovu. Bisibisi inapata sumaku, skrubu inabaki pale, na gharama ni sufuri.

Kuna neno lingine la hardware lenye safari ndefu: rolplagi. Ni jina la biashara, Rawlplug, na lilitoka London. Karibu mwaka 1911, mkandarasi John Joseph Rawlings alikuwa na kazi ya kufunga vifaa vya umeme kwenye kuta za British Museum bila kuziharibu. Njia ya siku hizo ilikuwa kupiga tindo ukutani hadi upate shimo kubwa, kupigilia kipande cha mbao ndani, kisha kumwita mtu wa plasta arekebishe uharibifu. Hiyo ni kazi ya watu wawili au watatu kwa sababu ya taa moja. Rawlings akatengeneza kijiti chenye tundu, cha nyuzi za juti zilizoshikanishwa kwa damu ya wanyama. Unatoboa shimo dogo, unakisukuma ndani, unakaza skrubu, na nyuzi zinapanuka na kubana ukuta. Mwaka 1958 Mjerumani Artur Fischer akaleta plagi yake ya nailoni. Hiyo ndiyo babu ya vile vijiti vya plastiki unavyopewa na muuzaji kwa kipande cha gazeti.

Kuunganisha nyaya pia kulikuwa kazi ya timu. Fundi alisokota nyaya, akazilehemu kwa risasi iliyoyeyushwa, kisha akafunga tepi. Moto huo lazima mtu auangalie, hasa kama fundi yuko darini. William Marr, fundi wa stima mwenye asili ya Uskoti aliyefanya kazi Kanada, alitoa kikofia cha kuunganishia nyaya bila moto mwaka 1914. Wajerumani wa kampuni ya WAGO, iliyoanzishwa Minden mwaka 1951, walichukua njia ya springi, na leo wana kile kiunganishi kidogo chenye mkono wa rangi ya machungwa: inua, ingiza waya, bonyeza. Fundi akiwa amejikunja juu ya silingi, sekunde hizo ni nyingi. Hapa wengi bado wanatumia konekta ya skrubu, na wengine, tuseme ukweli, wanasokota na kupiga tepi tu wakimwachia Mungu.

Halafu kuna mita. Donald Macadie alikuwa mhandisi wa Posta ya Uingereza, na alichoka kubeba vyombo vitatu tofauti kupima mkondo, volti na ukinzani. Akavifanya kimoja, na mwaka 1923 kikaingia sokoni kwa jina Avometer: herufi tatu za kwanza ni za ampea, volti na omu. Mwaka 1977 kampuni ya Fluke ikatoa mita ya dijitali ya kushika mkononi. Mgongo wa mtu wa mkono ukapumzika.

Lakini kama ningelazimika kuchagua kifaa kimoja kilichommaliza kabisa, ni drili ya betri. Black & Decker walipata hataza ya drili yenye mshiko wa bastola na kitufe cha kidole mwaka 1917, na mwaka 1961 wakatoa drili ya betri. Watu husifu drili hii kwa sababu hakuna mtu wa kuvuta ekstensheni. Ni kweli, ila kuna jambo kubwa zaidi. Drili ya waya inataka stima ya nyumba hiyo hiyo unayoitengeneza. Ukizima meni swichi, drili nayo imekufa, kwa hivyo fundi alikuwa na kishawishi cha kuiacha nyumba ikiwa na moto. Betri ilimpa uwezo wa kuzima nyumba nzima na bado atoboe.

Ukizima nyumba nzima, giza. Hapo ndipo mtu wa mkono alikuwa na kazi yake ya mwisho: tochi. Mwaka 2003 Nokia walitoa simu ya 1100 yenye tochi kichwani, na simu za aina hiyo Kenya nzima ikaziita mulika mwizi. Mafundi waliiuma kwa meno, mwanga mbele, mikono miwili huru. Sasa kuna tochi ya kufunga kichwani, na meno pia yamepumzika.

Nina sababu ya kukaa kwenye tochi. Nilipotoka chuo bila cheti, nilikuwa mtu wa mkono wa fundi mmoja wa stima upande wa Kahawa West kwa miezi miwili. Kazi yangu kubwa ilikuwa kumulika. Inaonekana kazi ya upuzi, lakini huwezi kuelekeza mwanga vizuri kama huangalii kile fundi anachoangalia. Fundi hakuwahi kunikalisha chini anifundishe. Alikuwa akisema tu, "Hapo, kijana. Hapana, nyuma kidogo." Wiki ya pili nilikuwa najua kwamba nyumba ya zamani ina waya mwekundu na mweusi, na mpya ina kahawia na bluu. Wiki ya nne nilikuwa natangulia kumulika mahali angehitaji kabla hajasema. Nilikuwa nasoma, na ada ilikuwa mkono wangu kuchoka.

Huo ndio mtaala wa zamani kabisa wa Kenya. Kenneth King, aliyechapisha utafiti wake *The African Artisan* mwaka 1977, alionyesha jinsi Waafrika wengi walivyopata ufundi kwenye karakana za Wahindi. Waliingia kama vibarua, wakashika na kubeba, wakaangalia, kisha wakatoka na kuanza zao nje, juani. Jua kali tunayoisifu kwa hotuba ilijengwa na watu wa mkono waliokuwa na macho. Serikali ina Grade Test kwa mtu aliyejifunza kazini, na ni mpango mzuri. Tatizo ni kwamba kabla ya kufanya mtihani lazima mtu akukubali kazini kwanza. Fundi mwenye tochi kichwani, sumaku kwa bisibisi na drili ya betri hana sababu ya kukukubali.

Simlaumu. Mteja wa bedsitter anabishana hata bei ya soketi, atakubali vipi kulipa watu wawili? Kijana aliyemaliza kozi na hana wa kumwajiri anaweza kuanza na mkoba mmoja. Dada anayejua kazi yake hahitaji kusubiri fundi mzee aamue kama wanawake wanapanda ngazi. Vifaa hivi vimefungua milango, na mimi si wa kutaka irudi enzi ya kuyeyusha risasi darini. Ninachosema ni kwamba tumehesabu saa tulizookoa, hatujahesabu darasa lililofungwa.

Na kuna kazi moja ambayo haijaingia kwenye mkoba mpaka sasa. Angalia testa, ile bisibisi yenye kitaa kidogo cha neoni, kifaa cha bei rahisi kuliko vyote. Unagusa waya kwa ncha, unaweka kidole nyuma, kitaa kinawaka. Kinawaka kwa sababu mkondo mdogo sana, uliopunguzwa na kizuizi kilicho ndani, unapita mwilini mwako kuelekea ardhini. Yaani mtu wa mkono kwa testa ni wewe mwenyewe: mwili wako ni sehemu ya sakiti. Ukiwa juu ya ngazi ya mbao na viatu vya raba, kitaa kinaweza kukataa kuwaka na waya una volti 240 zile zile. Ndiyo maana fundi makini huthibitisha kwa mita, tena anaijaribu mita kwanza mahali anajua pana stima, kisha anarudi kuijaribu tena baada ya kupima.

Hata hivyo, mita haitamzuia mtoto wa jirani kurudisha meni swichi juu kwa sababu televisheni imezimika. Mafundi wa viwandani hufunga swichi kwa kufuli, ufunguo unakaa mfukoni mwa anayefanya kazi. Kwa ploti zetu, ambapo swichi za nyumba kumi ziko kwenye kisanduku kimoja cha koridoni na kila mtu anaweza kukifungua, kufuli ni nadra. Kilichokuwapo ni mtu aliyesimama pale. Mtu huyo pia ndiye angejua kwamba fundi amepigwa na stima, azime kwanza kabla ya kumgusa, na apige simu.

Kwa hivyo fundi akija kwako peke yake, na ana vifaa vyote nilivyotaja, usirudi kwa kochi. Muulize amezima swichi gani, kisha simama karibu nayo hadi amalize. Kama una mdogo wako aliyemaliza shule na amekaa tu nyumbani, mwite naye, mpe tochi, umuulize fundi kama anaweza kumulika. Wengi watakubali. Anaweza kuanza kwa kuangalia waya upi ni wa rangi gani.