Kichocheo: Kuharakisha na Kupanga

Ukipita Kibwezi, kaunti ya Makueni, utaona mkonge umepandwa safu kwa safu hadi upeo wa macho. Wakulima wa kaunti jirani ya Kitui wanalima mtama. Uzi wa mkonge na unga wa mtama vimejengwa kwa molekuli moja, glukosi, iliyoungwa ikawa mnyororo mrefu, yaani polima. Lakini unga hausokotwi kiondo, wala mkonge hausongwi ugali. Tofauti imo katika kiungo. Ndani ya mkonge, vimeng'enya huunga glukosi kwa namna inayonyoosha minyororo, ikashikamana ubavu kwa ubavu na kuwa selulosi. Ndani ya punje ya mtama, vimeng'enya vingine huiunga glukosi ileile kwa pembe nyingine. Mnyororo ukajipinda, ukawa wanga.

Vimeng'enya ni vichocheo vya viumbe hai. Kichocheo, katika kemia, ni kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha. Neno limetokana na kuchochea moto, nami nalipenda, ila linabeba nusu tu ya kazi: kasi. Nusu ya pili ni kupanga, na hiyo ndiyo wanakemia huitafuta wanapobuni vichocheo vya polima zinazooza.

Chukua asidi ya laktiki, ileile inayochachisha maziwa ya kibuyu. Viwandani hugeuzwa laktidi, molekuli yenye umbo la pete, kisha kichocheo, mara nyingi cha bati, hufungua pete hizo na kuziunga ziwe plastiki. Asidi hii ina maumbo mawili, la kushoto na la kulia, kama viatu. Yakiungwa ovyo, plastiki hulainika hata kabla maji hayajachemka. Mwaka 1999, Tina Ovitt na Geoffrey Coates wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walitumia kichocheo cha alumini kilichoyapanga kwa zamu, kushoto kisha kulia. Ikapatikana plastiki yenye fuwele, inayoyeyuka kwenye nyuzi 150 hivi za Selsiasi.

Tatizo ni neno "inayooza". Plastiki ya asidi ya laktiki huoza vizuri kwenye mboji ya kiwandani yenye joto la nyuzi 60 hivi. Katika udongo mkavu wa Kitui itakawia sana. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na bidhaa mbadala zinaendelea kuja. Anayeandika "inaoza" kwenye bidhaa yake aandike pia inaoza wapi, kwa joto gani na kwa muda gani.