Vizibo Vilivyofungwa kwa Kamba

Waingereza wakisimulia asili ya bia ya chupa, humtaja Alexander Nowell, kasisi mkuu wa kanisa la St Paul's, London, aliyefariki mwaka 1602. Thomas Fuller ameandika kwamba Nowell alikwenda kuvua samaki akaisahau chupa yake ya bia majanini. Alipoirudia siku kadhaa baadaye na kuifungua, ililia kama bunduki. Kisa kitamu, lakini heshima hiyo mimi nawapa kina mama, maana majumbani wao ndio waliokuwa wapishi wa bia.

Gervase Markham, katika kitabu chake The English Housewife cha mwaka 1615, anamwelekeza mama mwenye nyumba atie bia katika chupa za duara zenye mdomo mwembamba, azizibe sawasawa, azisimamishe penye baridi zikiwa zimezama mchangani hadi kiunoni, kisha vizibo avikaze kwa kamba imara. Kamba hiyo inanitosha kuwa ushahidi. Hafungi kizibo kwa kamba ila mtu aliyekwisha kukiona kikiruka.

Kinachokirusha ni hamira. Hata bia ikionekana imetulia, hamira iliyobaki huendelea kula sukari na kutoa hewa ukaa. Mimi nimekulia kwenye mbege, pombe ya ndizi na kimea cha ulezi; pale hewa hiyo hujiendea zake, na pombe hunywewa ingali inachemka. Ukiifungia, haina pa kwenda, inayeyuka ndani ya bia na kungoja mlango ufunguliwe.

Shida ilikuwa chupa zenyewe. Za zamani zilipasuka. Mwaka huohuo wa 1615, Mfalme James wa Kwanza alipiga marufuku matanuri ya vioo kutumia kuni, ili miti ibaki ya kuundia meli. Mafundi wakahamia makaa ya mawe yenye moto mkali, na kioo kikatoka kinene, cheusi, chenye nguvu. Bia ya povu ilipata chupa yake kwa sababu ya manowari!

Baadaye likaja suala la sukari. Mwaka 1662 tabibu Mwingereza Christopher Merret aliieleza Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, jinsi wafanyabiashara wa divai walivyotia sukari ili divai ichangamke. Kuipima barabara kulichukua karibu miaka 200 zaidi: ni mwaka 1836 ndipo Mfaransa Jean-Baptiste François, mtaalamu wa dawa, alipotoa njia ya kukadiria sukari ya shampeni.

Nchini Uingereza, sharti la leseni kwa mpika bia wa nyumbani lilifutwa mwaka 1963, na chupa zikarudi jikoni. Kanuni ni ileile. Subiri hamira imalize kazi, kisha tia gramu 3 hivi za sukari kwa chupa ya nusu lita, uiweke penye joto wiki mbili. Nakusihi, msomaji: pima kwa mizani, wala usitumie chupa ya kioo chembamba. Ikipasuka, vigae vyake hukata nyama.