Siku Moja London kwa Shilingi Moja

Somo la Redio kwa Watu Wazima: Historia

  Ninyi mlio darasani, shikeni karatasi zenu msome pamoja nasi. Mkikutana na neno gumu, mwulizeni mwalimu wenu.

Leo twende safari. Twende mji wa London, nchi ya Uingereza, mwaka wa 1851. Tutafuatana na jamaa moja: mfumaji wa nguo, mkewe, na watoto wao wawili. Wao ni wenyeji wa Leeds, mji ulio karibu maili 200 kaskazini ya London. Watu hawa tumewabuni sisi, wala hawana majina. Lakini safari yao ni ya kweli, maana watu wengi sana wa hali yao walisafiri hivyo mwaka ule.

Huenda mkauliza, mfumaji wa nguo alikwenda kufanya nini London? Alikwenda kutazama tu. Na hapo ndipo penye maana ya somo letu. Zamani, kusafiri kwa ajili ya kutazama kulikuwa jambo la matajiri. Maskini alisafiri kutafuta kazi, au kwenda vitani, au kukimbia njaa. Mwaka wa 1851 mambo yalianza kugeuka.

Mwaka huo palifanywa Maonyesho Makubwa ya kazi za mikono na mashine kutoka nchi nyingi za dunia. Yalifanywa katika bustani ya Hyde Park. Mmoja wa wakubwa walioyasimamia alikuwa Albert, mume wa Malkia Victoria. Jumba la maonyesho lilijengwa kwa chuma, mbao na vioo, na watu waliliita Crystal Palace, yaani Jumba la Kioo. Urefu wake ulikuwa futi 1,848, zaidi ya nusu ya kilomita. Vipande vya kioo vilikuwa karibu 300,000. Aliyelibuni, Joseph Paxton, alianza maisha yake ya kazi kama mtunza bustani.

Maonyesho yalifunguliwa tarehe 1 Mei. Siku za kwanza kiingilio kilikuwa pauni moja, yaani shilingi 20. Kisha kikawa shilingi 5. Mfumaji wetu angewezaje? Lakini tangu tarehe 26 Mei, kiingilio cha Jumatatu hadi Alhamisi kilikuwa shilingi moja.

Basi hapo baadhi ya wakubwa wakaingiwa na hofu. Walikumbuka kwamba mwaka wa 1848 maelfu ya wafanyakazi walikusanyika London kudai haki ya kupiga kura. Wakasema, "Watu wa shilingi moja wakiingia, watavunja vioo, watalewa, watapigana." Askari wa polisi wakaongezwa.

Sasa turudi Leeds. Jamaa yetu ilipataje fedha? Katika miji mingi watu walianzisha vyama vya akiba. Kila juma mtu alitoa peni chache, na peni 12 zilifanya shilingi moja. Haba na haba hujaza kibaba. Tena, makampuni ya reli yalishindana kupata abiria, na nauli ya Leeds hadi London, kwenda na kurudi, ikashuka hata kufikia shilingi 5. Mtu mmoja aliyepanga safari hizo alikuwa Thomas Cook, ambaye zamani alikuwa seremala. Inasemekana yeye peke yake alipeleka watu kama 150,000 kwenye Maonyesho.

Ambaye hakuwa na nauli alitumia miguu. Bibi mmoja, Mary Callinack, mwenye umri wa zaidi ya miaka 80, alitembea kutoka Penzance, pembe ya mbali kabisa ya kusini magharibi, na kikapu chake kichwani, hata akafika London.

Gari la moshi linasafiri usiku kucha. Jamaa yetu wanalala wakiwa wamekaa. Asubuhi wanashuka London, mji wa watu zaidi ya milioni 2, mkubwa kuliko yote duniani wakati ule. Mama anawashika watoto mikono, asipotee hata mmoja.

Wanatoa shilingi zao mlangoni, wanaingia. Jambo la kwanza wanaloliona ni miti! Miti mikubwa ya bustani haikukatwa. Jumba lilijengwa juu yake. Mbele yake ni chemchemi iliyofanywa kwa kioo, urefu wake futi 27. Wanamwona tembo, ngozi yake imejazwa akasimama kama yu hai. Wanaona mashine ya kukunja bahasha, na mashine ya kupiga chapa inayotoa karatasi 5,000 kwa saa moja.

Halafu baba anasimama. Mbele yake ziko mashine za kufuma nguo, zinakwenda kwa nguvu za mvuke. Anawaeleza watoto, "Uzi unapita hapa, unarudi pale. Hii ndiyo kazi yangu." Mabibi na mabwana waliovaa vizuri wanasukumana waione kazi hiyo. Nyumbani Leeds hakuna aliyewahi kupanga foleni kutazama kazi ya baba yao.

Wanapita pia penye almasi kubwa iitwayo Koh-i-Noor, imefungiwa kama ndege tunduni. Wengi walioitazama walisema haing'ai kama walivyotazamia. Mwaka wa 1849 Waingereza waliiteka nchi ya Punjab, na mtawala wake, Duleep Singh, mtoto wa miaka kama 10, akalazimishwa kuitoa almasi hiyo. Ndugu zangu, kutazama ni vizuri, lakini pia tuulize: kitu hiki kimetoka kwa nani?

Mchana wanakula mikate mitamu. Pombe haiuzwi humo. Kuna na vyoo safi vya kulipia peni moja. Watu zaidi ya 800,000 walivitumia. Alasiri, miguu ikiuma, wanakwenda kutazama mto Thames na kanisa kubwa la Mtakatifu Paulo. Saa kubwa ya Big Ben hawaioni, maana ilianza kazi mwaka wa 1859. Usiku wanapanda gari la moshi kurudi kwao, watoto wamelala magotini.

Je, vile vita vilivyoogopwa vilitokea? Havikutokea. Maonyesho yalifungwa mwezi wa Oktoba. Watu milioni 6 walikuwa wamepita mlangoni, na zaidi ya milioni 4 kati yao waliingia kwa shilingi moja. Walikaa kwa utulivu, wakaangalia, wakauliza. Waliowaogopa hawakuwa wakiwajua.

Jumba la Kioo lilihamishiwa Sydenham, kusini ya London, likateketea kwa moto mwaka wa 1936. Lakini faida ya Maonyesho, pauni 186,000, ilitumika kununua ardhi huko South Kensington kwa ajili ya elimu. Hapo pana majumba ya makumbusho ambayo hata leo mtu huingia bure. La kwanza lilifunguliwa mwaka wa 1857, na taa za gesi ziliwashwa usiku. Kwa nini usiku? Kwa sababu wafanyakazi hawakuwa na nafasi mchana. Ninyi mnaokuja darasani baada ya kazi mnaijua sababu hiyo bila kuelezwa.

Kwa herini, hata somo lijalo.

Maswali ya kuzungumza darasani
1. Watu wa Leeds walipataje fedha za safari?
2. Kwa nini baadhi ya wakubwa waliwaogopa watu wa shilingi moja?
3. Kama wageni wangekuja kutazama kazi yako, ungewaeleza nini?