Ongeza chachandu

Malori yakipanga foleni Tunduma kusubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, wachoma mishkaki hawapumziki, na ombi linalorudiwa kwenye majiko ni hili: "Mama, ongeza chachandu." Hapo mteja haombi kachumbari, ambayo nyanya na vitunguu vyake hukatwakatwa vikaliwa vibichi. Wala haombi achari ya kukaa siku nyingi kwenye chupa. Chachandu hupondwa au husagwa, ikawa nzito kiasi cha kushika kwenye nyama, na lazima ichanganye ukali wa pilipili na uchachu wa ndimu au ukwaju. Ndiyo maana tomato ya chupa, hata ikitiwa pilipili, kwangu haistahili jina hilo.

Nyumbani, choma nyanya, kitunguu saumu na pilipili mbuzi kwenye mkaa hadi maganda yababuke. Menya, twanga kinuni pamoja na chumvi, kisha kamulia ndimu. Pilipili mbuzi moja inatosha familia yenye akili timamu. Kule Laos wana jeow, inayotengenezwa karibu vivyo hivyo, nao huchovya humo tonge la wali wa kunata, kwa vidole, kama sisi na ugali.

Kwa kula huko tuna kitenzi kutowelea, ndugu wa kitoweo, ambacho vijana wamekiachia wazee. Na waandishi wa menyu wanaong'ang'ania "sosi ya pilipili" wangeandika tu chachandu, mteja anaijua.